Maswali na majibu: Mkimbiaji afanye mazoezi gani zaidi ya kukimbia?

Maswali haya husikika sana kwenye klabu za jogging, hasa watu wanapojiandaa na Kilimanjaro Marathon inayokimbiwa Moshi, kwa kawaida mwishoni mwa Februari.

Swali: Nakimbia siku tano kwa wiki na pumzi ninayo. Mazoezi mengine ya nini?

Jibu: Pumzi ndiyo inayokudanganya. Moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Siku unayojisikia kuongeza kilomita, miguu huenda haijawa tayari. Kila unapotua, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 70 hutua na kilo 140 hadi 210, na katika kilomita 5 hutua karibu mara elfu tano.

Kuna njia mbili za kuisaidia miguu hiyo, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuupa moyo kazi bila kuigonga miguu, yaani baiskeli au kuogelea. Ya pili ni kuifanya miguu yenyewe iwe imara, yaani mazoezi ya nguvu. Ukifanya moja, bado unaidai nyingine.

Swali: Baiskeli au kuogelea, lipi bora?

Jibu: Baiskeli iko karibu zaidi na mbio kwa kuwa miguu ndiyo inayosukuma. Kuogelea kunaipumzisha miguu kabisa, ila asiye na mtindo mzuri huchoka mikono kabla moyo haujaanza kazi. Huyo anaweza kukimbia ndani ya maji yanayofika kifuani, kwenye bwawa lenye mwangalizi. Baharini hapana: mkondo haujali medali zako.

Chochote utakachochagua, kichukue nafasi ya siku moja ya mbio nyepesi, kwa dakika zile zile. Usikifanye kuwa siku ya sita. Na usihamie huko moja kwa moja, kwa sababu mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo, na ndani ya maji au juu ya kiti cha baiskeli mzigo huo haupo.

Swali: Nikifanya mazoezi ya nguvu, si nitakuwa mzito?

Jibu: Misuli mikubwa haiji kwa bahati mbaya, waulize wanaoitafuta gym kwa miaka. Kwa anayekimbia mara kwa mara, vipindi viwili kwa wiki havibadilishi uzito kiasi cha kumsumbua, na humsaidia kutumia nguvu kidogo kwa mwendo ule ule. Hata Shirika la Afya Duniani linamshauri kila mtu mzima, anayekimbia na asiyekimbia, kufanya mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Swali: Sina hela ya gym. Nifanye nini nyumbani?

Jibu: Ngazi moja na dumu la maji vinatosha. Anza na vigimbi, ambavyo wakimbiaji wengi huvisahau ingawa ndivyo vinavyobeba kazi kubwa. Simama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisigino kikining'inia, shika ukuta, panda polepole na ushuke polepole zaidi. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha rudia ukiwa umelikunja kidogo, maana hapo unaufikia msuli wa ndani wa kigimbi. Ukifikisha mara 20 bila kuyumba, shika dumu la lita 5. Hizo ni kilo 5.

Kisha panda na kushuka ngazi kwa mguu ule ule, ukiangalia goti lisiangukie ndani. Likianguka, udhaifu mara nyingi uko kwenye nyonga. Kwa hiyo lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Ukizoea, inua kwa mguu mmoja. Seti tatu za kila zoezi, dakika 20 hivi. Mimi hupendelea jioni ya siku ile ile ya mbio ngumu, ili siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika. Ila si jioni ya kuamkia mbio ndefu.

Swali: Na kunyoosha viungo?

Jibu: Ukipenda, baada ya mbio. Kabla ya mbio, tembea kwa kasi na uanze taratibu.

Swali: Ugoko unauma. Niendelee na baiskeli?

Jibu: Bonyeza mfupa kwa kidole. Maumivu yakiwa yametapakaa na yakipungua mwili ukipata joto, punguza mbio, na baiskeli ruksa kama haiumizi. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yakizidi kadiri unavyokimbia au yakikuamsha usiku, acha mbio na uende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mweleze daktari kwamba wewe ni mkimbiaji, kwa sababu eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi ufa huo. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aongeze mazoezi aliseme na hilo pia: huenda chakula anachokula hakilingani na kazi anayoufanyisha mwili, na mifupa huumia kwa hilo.