Kodiani ile haikupigwa na kompyuta

Wengi wakisikia Band-in-a-Box, programu ya kompyuta inayokupigia muziki wa kusindikiza, ikitoa kodiani ya muziki wa Tex-Mex husema, "Ah, kompyuta hiyo." Sivyo. Zamani, ndiyo: programu ilitegemea MIDI, yaani amri tupu za noti. Lakini siku hizi ina RealTracks: mpigaji halisi aliingia studio akarekodiwa. Wewe unaandika kodi (za muziki, si za mapato) C, F, G7. Programu inachagua vipande vya rekodi hiyo, inavikata, inaviunga, inavivuta vifuate kasi yako. Sikiliza bajo sexto, gitaa la nyuzi 12 la mpakani mwa Texas na Mexico: utasikia vidole vikikwaruza waya. Ila ukipunguza kasi mno, sauti hutetemeka kama simu yenye mtandao mbovu.