Gari kuchemsha: jinsi ya kujua joto limekwama wapi

Fundi akisema gari limechemsha, ametaja dalili, hajataja ugonjwa. Injini imezalisha joto jingi kuliko lile linalotolewa na mfumo wa kupoza, na maji yaliyomo ndani yamefika mahali pa kuchemka. Chanzo kinaweza kuwa kifuniko cha rejeta kilichochoka, na kinaweza kuwa hedi, yaani kichwa cha injini, iliyopinda. Kati ya hivyo viwili bei ni mbingu na ardhi, kwa hiyo usikubali kufunguliwa injini kabla hujajibu swali moja ambalo mwenye gari ndiye anayelijua zaidi: lilichemsha wakati gani? Kwenye foleni, kwenye mlima, au dakika chache tu baada ya kuwashwa?

Kwanza tuone maji yanapita wapi. Katika nishati yote ya mafuta unayoweka, takriban theluthi moja hugeuka joto linalobebwa na maji ya injini. Wota pampu huyasukuma kupitia bloku (mwili wa injini) na hedi. Themostati huyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto 80 na kitu, na 82 ni namba utakayoikuta mara kwa mara imegongwa kwenye chuma chake. Baada ya hapo maji huingia kwenye rejeta, hewa ikapita katikati ya mapezi, yakapoa na kurudi. Gari likiwa linatembea, upepo wa mbele unatosha. Likisimama, kazi hiyo hufanywa na feni.

Kuna jambo moja ambalo halielezwi sana gereji. Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi na Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto hilohilo, kwa hiyo kama maji yangekuwa wazi, magari ya Nairobi yangechemsha kila asubuhi. Yanaokolewa na kifuniko cha rejeta. Kina springi inayobana maji kwa kanieneo (presha) maalumu, mara nyingi karibu baa 0.9 au 1.1, na namba hiyo imeandikwa juu yake. Kwa 1.1, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120.

Ndiyo maana kifuniko kinastahili kukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Injini ikiwa baridi kabisa, kifungue utazame mpira wake: ukiwa mgumu, umepasuka au umelika, kibadilishe. Kina pia vali ndogo katikati, inayorudisha maji kutoka kwenye kidumu cha akiba gari linapopoa. Vali hiyo ikikwama, kidumu kitafurika huku rejeta ikipungua, na pengine utakuta mpira wa rejeta (bomba la maji) umenywea asubuhi. Nunua chenye namba ileile. Namba kubwa zaidi haikupi gari imara zaidi. Inakupa tangi la plastiki la rejeta lililopasuka.

Sasa turudi kwenye swali la wakati.

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, mshuku feni. Kwa feni ya umeme, washa injini na kiyoyozi. Kwenye magari mengi madogo feni inapaswa kuzunguka mara moja au muda mfupi baadaye. Isipozunguka, tazama fyuzi yake, kisha jaribu kubadilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilohilo. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haizunguki injini inapopata moto, tatizo huenda liko kwenye sensa au waya zake. Mikono ikae mbali na mapanga, hata ukiwa umezima, kwa sababu feni nyingine huweza kuwaka zenyewe injini ikiwa bado na joto.

Likivumilia foleni lakini likachemsha kwenye mwendo mkali au mlima mrefu, feni yako huenda ni nzima. Hapo maji hayapiti ya kutosha, au hewa haipiti. Fikiria gari lililojaa watu na mizigo likipanda mlima Kitonga: gia ya chini, mwendo mdogo, injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote na kiyoyozi kimewashwa. Rejeta iliyoziba nusu huficha siri yake mjini, kisha huitoa pale. Chungulia kati ya kondensa ya kiyoyozi (kipoza gesi yake, kilicho mbele) na rejeta. Nafasi ile nyembamba hujaa tope, majani na wadudu. Safisha kwa maji ya kawaida ya mpira, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ukiisogeza karibu inakunja mapezi. Kama maji ndani ya rejeta yana rangi ya kutu, uzibaji uko ndani, na wa kuulaumu ni mtindo wa kuongeza maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi mwaka hadi mwaka. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, si rangi tu: inazuia kutu na inalinda alumini ya hedi.

Likichemsha mapema, dakika chache baada ya kuwashwa, kuna mambo matatu ya kufikiria: maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa ndani, themostati imekwama ikiwa imefunga, au gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku, imeungua. Themostati iliyokwama hujulikana kwa mipira ya rejeta: mmoja una moto, mwingine bado baridi ilhali mshale wa joto kwenye dashibodi umeshapanda. Ukiitoa, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, upashe moto. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, imekufa.

Na hapa nina ugomvi na gereji nyingi. Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuitoa themostati na kuitupa, "huku kwetu joto, haina kazi." Ina kazi. Bila hiyo injini hukawia kupata joto, hunywa mafuta zaidi, na oili huchafuka haraka. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari likapozwa vibaya kuliko mwanzo. Themostati mpya si ghali kiasi cha kuhalalisha hilo.

Usisubiri mvuke ndipo uamini. Mshale wa magari mengi ya leo umetengenezwa ubaki katikati hata joto likipanda kidogo, kwa hiyo ukiuona umesogea, hali imeshaharibika. Toyota Vitz nyingi na magari mengine madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari. Taa nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, egesha, zima injini. Kama bado hujapata mahali pa kuegesha, fungulia hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini unayapunguzia maji joto. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa au zaidi: ukiondoa kanieneo, maji yaliyozidi nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Chuma hupasuka.

Gasketi ya hedi hujulikana kwa dalili zake. Maji yanapungua bila kuvuja popote. Moshi mweupe hautoki tu asubuhi bali haukomi. Oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa. Au fungua rejeta injini ikiwa baridi, washa, utazame: mapovu yasiyokoma yanaonyesha gesi ya silinda inapita kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu dakika moja baada ya kuwasha, jibu ni hilohilo.

Kazi hiyo si ya nyumbani. Hedi inashushwa, inapimwa kwa rula ya chuma kama imepinda, ikibidi inasagwa iwe bapa, na boliti zinakazwa kwa mpangilio na kipimo cha mtengenezaji. Fundi anayefunga gasketi mpya bila kupima hedi, muulize kwa nini. Muulize pia feni, kifuniko na themostati vikoje, kwa sababu gasketi nyingi huungua baada ya gari kuchemsha kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ikibaki, gasketi mpya nayo itaungua.