Samaki na korosho huishia kwenye pembetatu moja

Chukua mchoro wa samaki uende nao duka lolote la kutoa kopi hapa Mtwara mjini. Omba nakala tatu, zipunguzwe hadi asilimia 50. Zibandike kwenye karatasi nyingine, zikae kama mafiga: mbili chini, moja juu katikati. Karatasi hiyo nayo ipunguzwe, nakala tatu, zibandikwe vilevile. Endelea hivyo.

Mwenzako naye aanze na mchoro wa korosho. Mzunguko wa kwanza mtacheka tu, samaki watatu huku, korosho tatu kule. Wa kumi una picha 59,049, na kama samaki wa mwanzo alikuwa na upana wa sentimita 20, sasa kila mmoja ana milimita 0.2 hivi. Nani atamtambua? Wote wawili mmeshika pembetatu ileile yenye matundu ndani ya matundu, aliyoieleza mwanahisabati Mpolandi Wacław Sierpiński mwaka 1915.

Wanafunzi wangu hudhani ni kiinimacho. Swali lao zuri zaidi ni hili: umbali kati ya samaki na korosho unapimwaje? Mwanahisabati Mjerumani Felix Hausdorff alitupa kipimo. Katika picha ya kwanza tafuta nukta iliyo mbali kuliko zote na picha ya pili; rudia kwa kuanzia picha ya pili; chukua umbali ulio mkubwa. Tuseme ni sentimita 8. Baada ya mzunguko mmoja hauzidi 4, kisha 2, kisha 1. Picha zinalazimika kukutana.

Stefan Banach alishathibitisha mwaka 1922 kwamba kanuni ya kufinya namna hii, katika nafasi iliyo kamili (yaani isiyo na mapengo), ina nukta moja tu isiyohama, na popote uanzapo utaifikia. Mwaka 1981 John Hutchinson akaitumia kwa mfumo wa kanuni kadhaa, moja kwa kila nakala, "nukta" ikiwa ni picha nzima. Picha hiyo isiyobadilika tunaiita kivutio. (Magofu ya Kilwa ni kivutio cha aina nyingine.) Ila kila nakala sharti ipungue, ukitoa kopi kwa asilimia 100, dhamana ya Banach haipo tena.

Badili kanuni, upate kivutio kingine. Mwanahisabati Michael Barnsley alitumia kanuni nne, kila moja ikiwa na namba sita za kueleza jinsi ya kufinya, kugeuza na kusogeza picha, akapata jani la kangaga. Tatu zinatoa majani madogo na sehemu ya juu. Ya nne inalifinya jani zima mpaka linabaki kijistari: ndicho kikonyo.