Mkataba wa Anna Maria Luisa de' Medici Ndio Uliobakiza Picha Florence

Kila Machi, mwezi wa wanawake, dawati letu huulizwa swali lile lile: wanawake waliokusanya sanaa Ulaya walifanya nini zaidi ya kutumbua fedha za waume zao? Tumejibu sana kwa simu. Leo tunaandika.

Mwaka 1503 Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua huko Italia, aliagiza picha kwa mchoraji Perugino kwa dukati 100, sarafu za dhahabu za enzi hizo. Mkataba ulieleza nani asimame wapi na ashike nini. Mchoraji aliruhusiwa kupunguza watu, lakini kuongeza lake, hata kidogo, marufuku. Alipomchora Venus, mungu wa kike wa mapenzi, uchi, wakala akapeleka habari na mama akang'aka.

Wa kusomwa kwa makini zaidi ni Anna Maria Luisa de' Medici, wa ukoo uliotawala Toscana, dola ya Italia yenye mji mkuu Florence. Julai 1737 mdogo wake Gian Gastone, mtawala wa mwisho wa ukoo huo, alifariki bila mtoto, na Toscana ikaangukia mikononi mwa Francis wa Lorraine. Tarehe 31 Oktoba ukatiwa saini Mkataba wa Familia. Tunaomba watu waache kusema "aligawa urithi". Alikabidhi picha, sanamu, vitabu na vito kwa watawala wapya kwa masharti: viwe pambo la dola, viufae umma, vivute wageni, na kisitoke hata kimoja Florence wala Toscana. Linganisheni na picha za marehemu mumewe kule Düsseldorf, Ujerumani: mwaka 1806 zilihamishiwa mji mwingine, München, na nyingi ziko huko mpaka leo.

Alifariki Februari 1743. Uffizi, jumba la sanaa la Medici mjini Florence, ikafunguliwa kwa umma 1769.

Sasa kwa wanaonunua picha kuukuu Italia wakidhani risiti inatosha. Haitoshi. Kazi ya msanii aliyekwisha kufariki, yenye umri unaozidi miaka 70, huombewa kibali cha kuitoa nchini katika ofisi ya usafirishaji ya wizara ya utamaduni. Ikiwa thamani haizidi euro 13,500, mmiliki hujaza tamko badala ya kuomba kibali, nalo hukaguliwa. Vitu vilivyochimbuliwa ardhini havimo katika nafuu hiyo. Anayetorosha, kwa sheria ya 2022, hukabiliwa na kifungo cha miaka 2 hadi 8 na faini hadi euro 80,000. Muulize muuzaji habari ya kibali kabla hujatoa pesa, usingoje foleni ya uwanja wa ndege.