Fibromialgia: ukiambiwa "tunatibu chanzo", uliza chanzo kipi

Wagonjwa wengi wa fibromialgia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yaliyoenea mwilini, wanaofika kwangu huwa wameshazunguka sana. Wamepita kwa daktari wa mifupa, wa neva, wengine hadi wa moyo. Wamepigwa picha, wametolewa damu, na kila mahali jibu limekuwa lile lile: majibu yako safi. Ndipo wanaigeukia tiba asilia, na ombi lao naweza kulikariri: "Daktari, kule wananipa vidonge vya kutuliza tu. Mimi nataka nitafutiwe chanzo."

Mimi ni tabibu wa tiba asilia, na ombi hilo nalipenda. Ila kwa ugonjwa huu, ahadi ya chanzo kimoja kilichojificha mahali, kikingoja mtaalamu mjanja aje kukiibua, imewamalizia watu fedha na miaka. Yapo magonjwa yanayofanana na fibromialgia, na hayo lazima yatafutwe kwanza. Yapo pia mambo yanayoichochea, mengine yanabadilika na mengine hayabadiliki. Anayekuahidi zaidi ya hapo kabla hata hajakupima, mtilie shaka.

Kwanza tuelewe kinachoumwa. Msuli wa mtu mwenye fibromialgia, ukiuchunguza, kwa kawaida hauna jeraha linaloweza kueleza maumivu yale. Tatizo kubwa liko kwenye namna neva, uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea taarifa na kuzikuza. Ni kama mizani iliyochezewa: unaweka kilo moja, inasoma tatu. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake huko Marekani walikibonyeza kidole gumba cha watu wenye fibromialgia na cha watu wasio nayo, wote wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Kwa mgandamizo ule ule, ubongo wa wagonjwa ulionyesha shughuli katika maeneo mengi ya maumivu ambayo kwa wenzao yalikuwa yametulia. Kwa hiyo anayekuambia "ni mawazo yako tu" hajasoma, na anayekuambia "ni sumu imeganda kwenye misuli" naye hajasoma.

Kwa nini hali hiyo ianze kwa huyu na isianze kwa yule? Damu ya ukoo inachangia: ugonjwa huu huonekana zaidi kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa kuliko kwa watu wengine. Wapo ambao ulianza baada ya ajali, wengine baada ya maambukizi makali, wengine baada ya miaka ya msongo au utoto wa mateso, na wapo wasiokumbuka lolote. Mwaka 2021 watafiti wa London, Liverpool na Stockholm walichukua kingamwili (protini za kinga ya mwili zilizomo kwenye damu) za wagonjwa wakawadunga panya. Panya wakaanza kuhisi maumivu kwa mguso na baridi isiyowasumbua kabla, na hali hiyo ikaisha kingamwili zilipokwisha mwilini. Tafiti nyingine zimekuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa wana neva ndogo za ngozi zilizopungua au kuharibika. Mimi naamini tutakuja kugundua kwamba ni magonjwa kadhaa yanayotumia jina moja. Hadi hapo, atakayekutajia mzizi mmoja kwa uhakika anakisia, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Sasa hayo yanayofanana nayo. Kabla sijampa mtu hata jani moja, nataka kuona vipimo vya tezi ya thairoidi, wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, sukari, figo, ini, na vile vinavyoonyesha kama kuna mchochota, yaani uvimbe wa kujihami wa mwili, unaoendelea mwilini. Thairoidi iliyolegea huleta uchovu, kuhisi baridi na misuli inayouma. Upungufu mkubwa wa vitamini D hulainisha mifupa, na mtu huona shida kunyanyuka kwenye kiti. Dawa za kushusha lehemu za jamii ya statini huumiza misuli ya baadhi ya watu, na zile za kuzuia homoni wanazopewa wanawake baada ya saratani ya matiti huumiza viungo. Aliyepita miaka 50, mabega na nyonga vikakakamaa asubuhi ghafla ndani ya wiki chache, apimwe polimialgia, ugonjwa wa mchochota wa mabega na nyonga, ambao una tiba yake kabisa. Vidole vikivimba nawaza baridi yabisi. Vipele usoni vinavyochochewa na jua, pamoja na vidonda mdomoni, vinanifanya niwaze lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe.

Kukuta kimojawapo hakufuti fibromialgia. Vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vilivyorekebishwa mwaka 2016 vinasema wazi kwamba mtu anaweza kuwa nayo pamoja na ugonjwa mwingine, ilimradi maumivu yameenea mwilini, yamedumu angalau miezi 3, na yanaambatana na uchovu, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Zile sehemu 18 za kubonyeza, ambazo madaktari wengi bado wanazikumbuka, ni za vigezo vya 1990. Nikikuta vitamini D iko chini kabisa, naijaza. Mgonjwa akipata nafuu nusu, hiyo nusu ni mali. Ila simwambii kwamba nimempata mchawi.

Kama ningelazimishwa kuchagua jambo moja tu la kushughulikia, ningechagua usingizi. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, Toronto, walichukua watu wenye afya wakawavuruga kwa kelele kila walipoingia kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya usiku wa namna hiyo, watu wale wakaanza kuumwa mwili na kuona uchungu wakibonyezwa misuli. Maumivu yanaharibu usingizi, na usingizi ulioharibika unaongeza maumivu. Mduara huo unaweza kukatwa upande wa usingizi kwa urahisi zaidi kuliko upande wa pili.

Kwa hiyo ninauliza sana kuhusu usiku. Nikiuliza "unalala kwa saa ngapi?" nitaambiwa nane. Nikiuliza "ukiamka, unahisi umepumzika?" watu hucheka. Naomba hata mwenza aje, maana yeye ndiye anayejua kama mgonjwa anakoroma, anakatika pumzi, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Hilo likiwepo, dawa za mitishamba za usingizi ni kupoteza wakati na zinaweza kuzidisha hali. Anahitaji kipimo cha usingizi na pengine kifaa cha kusukuma hewa. Miguu ikiwa haitulii usiku, inadai kunyooshwa na kusogezwa, narudi kwenye akiba ya chuma, hata kama wingi wa damu ni wa kawaida. Kwa wengine dawa ni nidhamu: kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, kuacha kahawa na chai kali mchana, na kutokaa kitandani masaa ukipigana na dari.

Siku ya kwanza naomba pia mgonjwa aje na kila anachomeza: cha daktari, cha duka la virutubisho, na kile alichopewa na shangazi. Tunavipanga mezani na kusoma lebo moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mengine hujitokeza. Vitamini B6, kwa mfano, inakuwamo kwenye kidonge cha vitamini mchanganyiko, imo tena kwenye magnesiamu "iliyoboreshwa", na imo kwa wingi kwenye kopo la "neva". Ukijumlisha, mtu anameza miligramu 100 au zaidi kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, kwa sababu ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva: ganzi, kuchomachoma, miguu kuwaka. Mgonjwa anaamini ugonjwa umesambaa, anaongeza kopo la neva.

Biotini, vitamini inayonunuliwa kwa ajili ya nywele na kucha, ikiwa ya kiwango kikubwa inaweza kupotosha kipimo cha thairoidi na kuonyesha kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi. Mwambie anayekutoa damu kwamba unaitumia. Mmea unaoandikwa St John's wort, au kirutubisho cha 5-HTP, ukichanganywa na dawa za hospitali kama duloksetini au tramadoli unaweza kupandisha serotonini, kemikali ya neva, hadi hatari: kutetemeka, homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Urukususu ukitumiwa kila siku hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Vidonge vya manjano iliyokolezwa haviendi vizuri na dawa za kuzuia damu kuganda. Ashwagandha, mmea wa tiba za India, imeshawaumiza watu ini. Nasema haya nikiwa mtu anayetumia mimea kila siku. Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru, na ule usioweza kudhuru hata kidogo mara nyingi hauna kazi.

Halafu kuna unga wa dawa usio na lebo. Mama mmoja aliniletea wa kwake kwa furaha: ndani ya siku mbili maumivu yote yalikuwa yamekwisha, analala, anakula. Alikuwa ameutumia miezi kadhaa. Uso ulikuwa umejaa na kuwa mviringo, mashavu mekundu, na sukari imepanda. Dawa za asili za viungo kuchanganywa kwa siri na steroidi au diklofenaki, dawa za hospitali za kutuliza mchochota na maumivu, ni jambo linalojulikana na limekutwa mara nyingi maabara. Mtu wa namna hiyo nisingethubutu kumwambia aache siku hiyo hiyo, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimeacha kutengeneza homoni zake, na kuacha ghafla kunaweza kumuua. Alikwenda hospitali na unga wake mkononi.

Kuhusu vipimo vya bei kubwa vinavyouzwa kwa jina la kutafuta chanzo, sitakaa sana. Kipimo cha kingamwili za IgG dhidi ya vyakula mamia huonyesha ulichozoea kula, hakionyeshi kinachokudhuru; jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilisema hivyo tangu 2008. Kinachoitwa "uchovu wa tezi za adrenali" wataalamu wa homoni hawakitambui kama ugonjwa. Na dawa za mshipani za kuondoa metali mwilini, kwa mtu ambaye hana sumu ya metali iliyothibitishwa, ni kuhatarisha figo na kalsiamu bure.

Chakula nacho kisitiliwe chumvi. Sijaona mlo wa fibromialgia. Mwenye tumbo linalojaa gesi, leo anaharisha na kesho hapati choo, namsaidia kuondoa aina fulani za vyakula kwa wiki chache kisha kuvirudisha kimoja kimoja, tukiandika. Wengine wale mboga, kunde, samaki, nafaka isiyokobolewa, na wasiondoe vitu kumi kwa mpigo wakabaki dhaifu na wenye njaa.

Mazoezi ndiyo habari isiyopendwa. Mwaka 2017 jumuiya ya madaktari wa baridi yabisi ya Ulaya ilipitia tiba za fibromialgia, za dawa na zisizo za dawa, na jambo pekee lililopata pendekezo la nguvu lilikuwa mazoezi. Mgonjwa akisikia hivyo anakasirika, na ana haki: alijaribu, akatembea saa nzima siku aliyojisikia vizuri, akalala kitandani siku tatu. Ndiyo maana naanza chini ya kile anachoamini anaweza. Dakika tano za kutembea, kila siku, siku nzuri na siku mbaya, bila kuzidisha siku nzuri. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Baada ya wiki moja au mbili tunaongeza dakika moja au mbili, na baadaye tunatia mazoezi ya nguvu. Maji ya uvuguvugu yanasaidia wengi kuanza. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria, mmoja wa mababu wa fani yetu, alishikilia maji kupita kiasi katika karne ya 19, lakini hapa hakukosea sana. Tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, nayo inafaa: utafiti wa Marekani wa 2018 uliwahusisha watu 226, na waliofanya tai chi walipata nafuu sawa au zaidi ya waliofanya mazoezi ya kukimbiza moyo.

Na dawa za hospitali? Wengi wanaoniambia "hazinisaidii" walikuwa wanapewa diklofenaki, ibuprofeni au steroidi, ambazo mapendekezo yale yale ya 2017 hayaziungi mkono kwa ugonjwa huu, sawa na dawa kali za jamii ya afyuni. Kwa hiyo hawakukosea. Ila hawajajaribu amitriptilini ya kiwango kidogo usiku, duloksetini au pregabalini, ambazo huwasaidia baadhi ya watu kwa kiasi. Mtu akizitumia simwachishi ili mitishamba ionekane imefanya kazi. Akitaka kuacha, azungumze na aliyemwandikia, apunguze polepole.

Chochote tunachojaribu, tunakiandikia tarehe ya kukipima, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na tunajaribu kimoja kwa wakati. Kisipobadilisha usingizi, maumivu wala uwezo wa kufanya kazi, kinatoka mezani.

Na kama una fibromialgia iliyothibitishwa, usiitupie lawama ya kila dalili mpya. Kupungua uzito bila sababu, homa au jasho jingi la usiku, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, mkono au mguu uliopoteza nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au, kwa aliyepita miaka 50, maumivu mapya ya kichwa pamoja na taya kuchoka ukitafuna au macho kufifia: hayo si ya fibromialgia. Siku hiyo usije kwangu kwanza, nenda hospitali.