Shanghai Haikuwa Kijiji cha Wavuvi, Wala Koloni

Nimefundisha historia ya China muda wa kutosha kujua nitakachoambiwa kila nikiitaja Shanghai: "Si kilikuwa kijiji cha wavuvi tu, wazungu wakaja wakajenga jiji?" Wanafunzi wanaisema, wafanyabiashara wanaojiandaa kwenda kuchukua mzigo wanaisema, na juzi nimeikuta kwenye kitini cha mwalimu mwenzangu. Basi tuimalize leo.

Shanghai ilifanywa makao makuu ya wilaya mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1553, baada ya kuchoshwa na maharamia, wenyeji waliuzungushia mji wao ukuta. Ukuta wa namna hiyo hujengwa penye mali, na mali yenyewe ilikuwa pamba ya Songjiang, eneo linaloizunguka Shanghai, iliyosokotwa na kufumwa majumbani mwa wakulima. Miaka ya 1680, Kaizari Kangxi alipofungua tena biashara ya baharini, forodha iliwekwa hapo. Mwaka 1715 wenye majahazi walijenga jumba la chama chao. Vyombo vyao vilikuwa na kitako bapa, vipite salama kwenye mafungu ya mchanga ya pwani ya kaskazini. Vilipanda na vitambaa, vikarudi na soya ya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, pamoja na mashudu yake, na mashudu hayo yakaishia kuwa mbolea ya mashamba yaleyale ya pamba.

Kama hayo hayatoshi, msikilize Mwingereza mwenyewe. Mwaka 1832 Hugh Hamilton Lindsay, aliyetumwa na Kampuni ya Uhindi Mashariki, alikaa akihesabu vyombo vinavyopita Wusong, kwenye mlango wa mto. Katika siku saba yalipita majahazi zaidi ya 400, ya tani 100 hadi 400. Hiyo ni miaka 10 kabla ya Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza Vita vya kwanza vya Kasumba kati ya Uingereza na China na kuwafungulia wageni Shanghai. Waingereza waliing'ang'ania Shanghai kwa sababu biashara ilikuwa imeshashamiri.

Dhana hii ilitokana na ardhi waliyopewa wageni. Ilikuwa nje ya ukuta, upande wa kaskazini: tope, mashamba na makaburi. Waliosimulia baadaye walilitazama tope lile wakadai ndio mji mzima. Ushauri wangu kwa kila anayesoma historia ya mji wowote ni uleule: fungua ramani kwanza. Kwenye ramani ya leo ya Shanghai, barabara za Renmin na Zhonghua zinafanya mviringo kamili. Zimepita palepale uliposimama ukuta, uliobomolewa kuanzia 1912.

La pili linalonikera ni hili la kwamba Shanghai ilikuwa koloni la Uingereza kama Hong Kong. Mkataba ule wa 1842 ulikitoa kisiwa cha Hong Kong moja kwa moja kwa Uingereza. Shanghai ilikuwa mojawapo ya bandari tano zilizofunguliwa tu kwa biashara. Kwa kanuni za ardhi za 1845, wageni walipangisha viwanja kwa muda usio na kikomo, hati zikagongwa muhuri wa ofisa wa Kichina, na kodi ya ardhi ikaenda kila mwaka kwenye hazina ya Kaizari. Wageni walishtakiwa mbele ya makonsuli wao, kweli, na huo ulikuwa uonevu. Lakini mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833 nao ulimpa konsuli wa Kimarekani mamlaka ya kuamua kesi za Wamarekani wao kwa wao, na hatusemi Zanzibar ilikuwa koloni la Marekani.

Kilichojengeka Shanghai ni tawala tatu ubavu kwa ubavu: mji wa Kichina, eneo la Wafaransa tangu 1849, na Eneo la Kimataifa lililotokana na kuunganishwa kwa maeneo ya Waingereza na Wamarekani mwaka 1863. Hilo la mwisho liliendeshwa na baraza lililochaguliwa na wageni walipa kodi, wajumbe wake wengi wakiwa wafanyabiashara. Wachina walilipa kodi miaka nenda rudi bila kiti. Walipewa viti vitatu mwaka 1928.

Eti wakazi wake walikuwa wazungu? Mwaka 1935 Eneo la Kimataifa lilikuwa na Wachina zaidi ya milioni 1.1, na wageni hawafiki 40,000. Nusu ya wageni hao walikuwa Wajapani.

Na kile kibao cha "Mbwa na Wachina hawaruhusiwi" kinachosemekana kilikuwa kwenye bustani ya wageni? Masharti ya bustani ile ya kando ya mto yaliwataja mbwa kwenye kifungu kimoja, na kwenye kingine yakasema bustani ni ya wageni. Marufuku ilikuwa ya kweli, ikadumu hadi 1928. Tusibishanie maneno ya kibao tukasahau dharau yenyewe.

Na wanaosema jeshi la kikomunisti la Mao ndilo lililofuta maeneo ya wageni, tarehe zinawakataa. Uingereza na Marekani zilisaini kuyaachia tarehe 11 Januari 1943, wakati Wajapani wameshalikalia Eneo la Kimataifa. Wafaransa wakakabidhi eneo lao mwaka huohuo. Wanajeshi wa Mao waliingia Shanghai Mei 1949, miaka sita baadaye.