Uchaguzi Mkuu na Kura ya Maoni Siku Moja: Yaliyotokea Bolivia na Yanayomhusu Mpiga Kura wa Mombasa

Mpiga kura wa Likoni au Changamwe anapofika kituoni siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi 6, kuanzia ile nyeupe ya rais hadi ya mwakilishi wadi, na zote humuuliza jambo la aina moja: nani ashike nafasi hii. Mara kwa mara husikika pendekezo kwamba iongezwe karatasi ya saba, ya kura ya maoni kuhusu mamlaka ya maeneo, ili kupunguza gharama. Kabla ya kuliunga mkono au kulipinga, inafaa tuitazame nchi iliyokwisha kufanya hivyo.

Tarehe 6 Desemba 2009, raia wa Bolivia walimchagua rais na wabunge, na siku hiyo hiyo wakazi wa mikoa 5 kati ya 9, yaani La Paz, Oruro, Potosí, Cochabamba na Chuquisaca, waliulizwa iwapo mkoa wao uwe na mamlaka ya kujiendeshea mambo yake. Manispaa 12 nazo ziliulizwa kama zigeuke kuwa serikali za wenyeji asilia, zinazofuata taratibu za jadi. Evo Morales alirudishwa madarakani kwa takribani asilimia 64 ya kura, mikoa yote 5 ikakubali, na kati ya zile manispaa ni Curahuara de Carangas pekee iliyokataa. Ieleweke kwamba hakuna aliyeombwa kujitenga. Kilichoulizwa ni madaraka zaidi ndani ya nchi ile ile, tofauti ambayo sisi wa Pwani, tuliouona mfumo wa majimbo wa 1963 ukiondolewa mapema mno, tunapaswa kuishika barabara.

Mikoa 4 iliyobaki haikuulizwa kwa sababu ilikuwa imekwisha kujibu. Tarehe 2 Julai 2006, kura kama hiyo ilipigwa nchi nzima pamoja na uchaguzi wa Bunge la Katiba. Zaidi ya asilimia 57 ya wapiga kura walisema hapana, lakini Santa Cruz, Tarija, Beni na Pando zilisema ndiyo, na kwa kuwa swali lenyewe lilieleza kwamba jibu litahesabiwa mkoa kwa mkoa, mikoa hiyo ilidai haki yake licha ya taifa kukataa. Mzozo uliofuata ulikuwa mkali, na mwaka 2008 uliishia katika umwagaji damu huko Pando.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ile mikoa 5. Mwaka 2006, chama cha Morales kilipopigia debe hapana, ilikataa. Mwaka 2009, chama kilipogeuka na kupigia debe ndiyo, ikakubali kwa wingi. Kisha tarehe 20 Septemba 2015 wakaletewa sheria zenyewe za kuendeshea mikoa yao, safari hii bila mgombea urais kwenye karatasi, na mikoa yote 5 ikazikataa. Kwa maoni yangu, hiyo ni dalili kwamba kampeni ya urais ilikuwa imelimeza swali la mamlaka, na watu waliitikia wito wa chama kabla ya kusoma walichokuwa wakikubali.

Hapa kwetu kanuni ya kuhesabu ni nyingine kabisa. Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 kinataka mabadiliko ya muundo wa ugatuzi yaamuliwe na wananchi kwa kura ya maoni, ambapo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti zote 47, na wengi wa waliopiga kura nchini kote wakubali. Kwa hiyo, hata kama Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni zote zingesema ndiyo kwa kauli moja, Kaunti ya Mombasa isingepata peke yake kile ambacho Santa Cruz ilikidai baada ya taifa kusema hapana.